Hipnosisi kwa maumivu ya goti: ninavyoitumia mimi

Mkuu, umeuliza kama hipnosisi, yaani kutulizwa na kukusanya mawazo kwa maneno, inaweza kukutulizia goti ukimbie mashindano yaliyo mbele yako. Kwanza nami nikuulize: goti limeshapimwa? Kama bado, anzia kwa daktari. Maumivu yaliyoganda sehemu moja juu ya mfupa, yanayozidi kila ukikimbia na kukuamsha usiku, yanaweza kuwa ufa unaotokana na mfupa kuchoshwa, na ukiendelea kukimbia nao unaweza kuvunjika kabisa. Goti linalovimba au kukwama nalo lipimwe kwanza. Hayo hayatulizwi kichwani.

Mimi niliijua hipnosisi baada ya upasuaji wa kano ya goti. Kilichonisumbua ni kukunja. Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, akinishika kisigino tu, paja limeshakaza, goti lenyewe halijaanza hata kuuma. Na msuli ukikaza, kukunja kunauma mara mbili. Mwanasaikolojia wa michezo ndiye aliyenifundisha. Watu hudhani unalala; hulali. Nilikazia macho nukta moja ukutani mpaka kope zikawa nzito, nikafuata pumzi, akahesabu kurudi nyuma, na muda wote nilisikia kila kitu, hata mlango wa chumba cha pili ukifungwa. Ila mawazo yanakuwa yamekusanyika mahali pamoja, na neno unaloambiwa linaingia bila ubishi.

Kazi kubwa iko kwenye maneno hayo. "Huumwi" halikunisaidia kitu. Lililosaidia ni "goti linavuta, mvuto ubaki palepale kwenye goti, paja lilegee."

Mtafiti wa maumivu Pierre Rainville na wenzake walichapisha utafiti mwaka 1997 ambao kwangu unaeleza sababu. Watu waliingiza mkono kwenye maji ya moto ya kuumiza huku ubongo wao ukipigwa picha. Wakiwa kwenye hipnosisi waliambiwa kwamba karaha ya maumivu inapungua au inaongezeka. Sehemu ya ubongo inayohusika na karaha hiyo ilibadilika pamoja na maneno. Ile inayopokea hisia za mwili haikubadilika hivyo. Baadaye kundi hilo lilielekeza maneno kwenye ukali wa maumivu, na safari hii sehemu ya hisia ndiyo iliyobadilika.

Kwa hiyo amua mapema unataka kupunguza nini. Kwa mwanamichezo anayeuguza jeraha nashauri karaha na hofu, ukali uachwe. Ukali ndio unaokuambia umekunja kupita kiasi au umeongeza uzito mapema mno. Ukiuzima huo, mtaalamu wa fiziotherapia anafanya kazi gizani.

Moto wa mapaja kwenye kilomita za mwisho ni habari nyingine. Hayo ni maumivu ya juhudi, nayashughulikia bila wasiwasi. Kwa kuwa huwezi kufumba macho huku unakimbia, ishara inafundishwa kabla: ukiwa umetulia kwenye hipnosisi unabana kidole gumba na cha shahada, unarudia siku hadi siku, mpaka kule kubana peke yake kunakuletea utulivu. Kwangu mabega hushuka na taya hulegea. Moto unabaki, ila haunikimbizi.

Usijipime na mwenzako. Uwezo wa kuingia kwenye hipnosisi unatofautiana sana, na kwa mtu mzima haubadiliki sana hata miaka ikipita. Kuna wachache wanaozama ajabu. James Esdaile, daktari Mskoti, alifanya upasuaji mkubwa India miaka ya 1840 akituliza maumivu kwa njia iliyoitangulia hipnosisi, kabla dawa za usingizi hazijaenea. Wengi wetu tuko katikati, na katikati panatosha kwa mazoezi ya goti.

Faida nyingine: haina cha kuonekana kwenye mkojo ukipimwa dawa zilizokatazwa michezoni. Tramadol, dawa kali ya maumivu ambayo baadhi ya wanariadha walikuwa wakiikimbilia, imepigwa marufuku wakati wa mashindano tangu tarehe 1 Januari 2024.

Tafuta mtu ambaye tayari ni mwanasaikolojia au daktari na amesomea hipnosisi juu yake, usiende kwa wa maonyesho ya jukwaani. Kama umewahi kuugua maradhi ya akili ya kuona au kusikia yasiyokuwapo, mwambie kabla hamjaanza. Ukishazoea, jirekodi maneno yako kwa sauti yako mwenyewe uyasikilize nyumbani. Ila si ukiwa unaendesha gari.