Klachi hujifunzwa kabla ya safari

Kuna wanaodai kwamba waandaaji wa The Amazing Race, shindano la televisheni la Marekani ambalo timu za watu wawili hushindana kuzunguka dunia, huwaonea washiriki kwa kuwapa magari ya gia za mkono. Hapana, hawawaonei. Shindano lipo tangu 2001, zawadi ni dola milioni 1, na kila shabiki anajua ukitua Ulaya unaweza kukabidhiwa gari la klachi, ile pedali unayokanyaga ukibadili gia. Marekani karibu magari yote mapya ni otomatiki, kwa hiyo kutojua si aibu. Kinachoniuma ni mtu kujaza fomu, kuitwa, kufanya mazoezi ya kukimbia na begi mgongoni, halafu asitafute hata wikendi moja ya kukaa kwenye usukani na mtu anayejua.

Na kujifunzia tambarare hakutoshi. Kilimani ndiko wanakoumbuka: gari linarudi nyuma, honi zinalia, mwenzako anapiga kelele, unaachia klachi ghafla, injini inazima. Dawa ni kuvuta handibreki, kukanyaga mafuta kidogo, kuinua klachi polepole mpaka uhisi gari linataka kuondoka, ndipo uachie handibreki. Mguu haulizoei hilo kwa kuambiwa, ni kurudia na kurudia. Wengine huendesha mguu ukiwa umelalia klachi njia nzima hadi inanuka kuungua.

Nchi za usukani wa kulia, kama Uingereza, zina mtihani mwingine: gia unaingiza kwa mkono wa kushoto. Wajifunze wote wawili kwenye timu, maana aliyeshika usukani hawezi pia kusoma ramani.