Kustaafia Njombe: kwa ndugu ambaye mkewe anaogopa baridi

Ndugu yangu, nimesoma swali lako mara mbili kabla ya kujibu. Unasema unastaafu mwakani, una kiwanja Njombe karibu na kwa wazazi wako, mkeo ni mtu wa Pwani, mmekaa Mbagala tangu mfunge ndoa, na kila ukigusia kuhama anakujibu kwamba baridi ya Njombe itamuua. Umeomba ajibu mtu aliyehamia, si aliyepita na basi. Mimi nimehamia, na nimehamia kama mke. Nimezaliwa Muheza, nimefanya kazi ya unesi Dar es Salaam miaka 34, mume wangu ni Mbena, mwalimu mstaafu wa sekondari. Tulishusha vyombo Njombe Septemba 2018 na hatujarudi. Kwa hiyo nitakujibu nikiwa upande wa mkeo.

Nianze na baridi, maana ipo na usimdanganye. Mji uko karibu meta 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Agosti joto la usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na asubuhi ukungu unaweza kukaa mpaka saa tano hujaliona jua. Kuna siku za manyunyu yasiyolowesha nguo lakini yanaingia mpaka kwenye mifupa. Ukianika Jumatatu unaanua Jumatano, na bado mshono wa suruali ni mbichi. Juni yangu ya kwanza nilitoa chupa ya mafuta ya nazi kabatini nikayakuta yameganda meupe kama samli. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, nami kwa miaka yote ya Dar sikuwahi kuyaona yakiwa magumu. Nikakaa kitandani nimeikumbatia ile chupa ipate joto, machozi yakanitoka. Mzee alipoingia alidhani nimepigiwa simu ya msiba.

Jikoni nako nilianza upya. Kwa mwinuko huu maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, hayafiki 100, kwa hiyo maharage yaliyoiva Dar kwa saa mbili huku yanakula kuni mpaka unakata tamaa. Jirani ndiye aliyeniambia niyaloweke tangu jana yake. Unga wa maandazi nao hauumuki upesi. Naukanda jioni, naufunika kwa shuka zito, nausogeza karibu na meko, asubuhi nakaanga. Mambo haya madogo ndiyo yaliyonichosha mwaka ule kuliko hata baridi yenyewe, kwa sababu nilikuwa mwanamke wa miaka 60 ambaye hajui kupika.

Sasa kuhusu jiko la mkaa naomba unisikilize kwa makini, na umsomee mkeo sehemu hii. Huku kuna mkaa wa miwati, mkaa mzuri, unadumu na moto wake ni mkali. Kila nyumba inaota moto jioni. Usiku mmoja wa Juni 2019 tuliota moto sebuleni hadi saa tatu, jiko likawa limebaki na makaa mekundu mazuri. Mzee akasema tuliingize chumbani kidogo, tutalitoa kabla ya kulala. Madirisha tulikuwa tumeyafunga na chini ya mlango nimeziba kwa kanga iliyokunjwa, upepo usipite. Tukasinzia. Niliamka kama saa saba usiku kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, na mzee anakoroma mkoromo ambao siujui, wa chini, kama wa mgonjwa aliyetoka theatre. Nikasimama, miguu ikakataa. Nilitambaa mpaka mlangoni, nikaivuta ile kanga, nikafungua, nikarudi kumburuta mwenzangu kwa makwapa. Tulikaa kibarazani na mablanketi mpaka kukapambazuka, yeye anatapika, mimi namhesabia pumzi.

Nilikuwa nimepokea watu wa namna hiyo wodini, na wengine hatukuwahi kuwapokea kwa sababu waliletwa wameshakufa. Mkaa ukiungua kwenye chumba kisichopitisha hewa unatoa kaboni monoksaidi, hewa ambayo haina rangi wala harufu, inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Haikuamshi kwa kikohozi kama moshi wa kuni. Inakulaza. Na kosa la pili tulilofanya ni kubaki kibarazani, maana aliyevuta hewa ile anatakiwa apelekwe hospitali awekewe oksijeni hata akijiona ana nafuu. Tangu siku ile jiko letu linawashiwa nje mpaka mkaa wote uwe mwekundu, linaingia sebuleni dirisha likiwa wazi, na kabla ya kulala mzee analitoa uani kwa mkono wake, analimwagia majivu. Chumba cha kulala haliingii kabisa. Tunalala na chupa mbili za maji ya moto zilizoviringishwa kwenye taulo, moja miguuni, moja mgongoni, zinatosha mpaka alfajiri.

Hapo ndipo naingia kwenye nyumba. Usijenge nyumba ya Mbagala Njombe. Nimeona wastaafu wanakuja na ramani ya Dar mkononi, sebule kubwa, dari juu sana, madirisha mapana ya nyavu, matundu ya hewa kila ukuta, halafu wanashangaa nyumba haipati joto. Weka vyumba vidogo, dari iwe chini kidogo na iwe imefungwa vizuri, madirisha ya vioo yanayofunguka na kufunga barabara. Sebule iangalie kaskazini. Miezi ya baridi jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukungu ukishaondoka utaota jua ukiwa ndani bila gharama. Sisi hatukujua, sebule yetu inaangalia kusini, na kuanzia saa sita mchana nabeba kiti nakwenda kukaa chumba cha wageni. Kama mfuko unaruhusu, jenga meko ya ukutani yenye dohani ya kupandisha moshi juu ya bati. Fundi wa kuijenga mtafute aliyewahi kuijenga kweli, uende ukaione ikiwaka.

Afya. Kama mmoja wenu ana presha, mjue kwamba baridi inabana mishipa ya damu, na presha hupanda. Ya mzee wangu mwezi wa saba inakuwa juu kuliko mwezi wa kumi na mbili kila mwaka, nina daftari lake. Nunueni mashine ya kupimia nyumbani, pimeni asubuhi baada ya kukaa kitako dakika chache, andikeni, na dawa abadilishe daktari, sio nyinyi. Asiache dawa kwa kuwa anakunywa chai ya tangawizi. Soksi na kofia usiku ni za lazima, si mapambo ya uzee.

Lakini ndugu yangu, hayo yote mkeo anaweza kuyazoea kwa mwaka mmoja. Mimi niliyazoea. Nataka kukwambia jambo ambalo huenda hajakwambia, kwa sababu na mimi sikuweza kumwambia mume wangu. Wewe unarudi kwenu. Yeye anahama. Wewe ukishuka Njombe kuna makaburi ya wazazi wako, kuna binamu, kuna watu watakaokuita kwa jina la utotoni, na kuna lugha ambayo ukiianza unakuwa kijana. Mzee wangu alikuwa mtu wa maneno machache Dar. Huku nilimwona anacheka na wazee wenzake kwenye ulanzi, pombe ya mianzi, mpaka anafuta machozi, mimi nimekaa pembeni na kikombe cha chai, sielewi hata neno. Jirani akinisalimu "kamwene" najibu "kamwene", basi, mazungumzo yameisha. Nilipokuwa nasema "baridi imenishinda", nusu yake ilikuwa baridi ya hewa na nusu ilikuwa hiyo.

Miezi minane ya mwanzo nilikuwa mtu wa kumsubiri yeye arudi. Anatoka saa mbili asubuhi na buti zake kwenda shambani kwenye viazi na parachichi, anarudi saa nane. Mimi nimefagia, nimepika, nimeangalia ukungu. Nilianza kumgombeza kwa mambo ya ovyo, viatu vyenye udongo, redio. Yeye akawa anachelewa zaidi. Watu waliokaa miaka 30 kila mmoja na kazi yake, wanaonana usiku na Jumapili, ghafla wako pamoja kutwa nzima kwenye vyumba vitatu vilivyofungwa madirisha. Hilo hakuna aliyetuandaa nalo.

Kilichonitoa ni mashine ya presha. Jirani alikuja kuazima sukari akanikuta nampima mzee, akaniomba na yeye. Jumamosi iliyofuata akaja na mama yake mkwe. Sasa kila Jumamosi kuanzia saa nne, ukungu ukishapanda, kibarazani kwangu kuna benchi na wanakaa kina mama kumi, kumi na watano. Napima, naandika kwenye madaftari yao, anayehitaji namwambia aende hospitali, na asiyetaka kwenda namsindikiza. Silipwi. Wananiletea njegere, viazi, mnafu, siku nyingine kuku. Nao ndio walionifundisha Kibena, neno moja moja, na ndio walioniingiza kwenye kikoba. Wananiita mama nesi. Siku ya kwanza nilipoitwa hivyo barabarani na mtu nisiyemjua, nilirudi nyumbani nikamsimulia mzee kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Kwa hiyo ukae na mkeo umuulize, saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, mwezi wa saba, wewe uko shambani, yeye anafanya nini? Kama anashona, cherehani ije na gari la vyombo. Kama ni mtu wa kuku, aanze, lakini vifaranga asivilete miezi ya baridi bila chanzo cha joto cha uhakika. Mimi nilipoteza vifaranga 40 kwa usiku mmoja wa Julai, asubuhi nilivikuta vimepandiana kwenye kona moja vyote. Usimpangie wewe. Na wala usimpe kazi ya shamba lako ukaiita shughuli yake.

Pesa nitasema kwa kifupi maana wengine humu wameshaeleza. Mkupuo wa kustaafu usiumalizie kwenye nyumba. Na usipande mipaini ukitegemea ikulishe, mpaini unataka miaka zaidi ya kumi, huo panda kwa ajili ya wajukuu. Parachichi la Hass la mche wa kubebesha linaanza kuzaa mwaka wa tatu, na sisi miti yetu 70 inatutosha nguvu tulizonazo. Viazi ni kazi ya mgongo, tumepunguza.

Umbali usiuchukulie kirahisi. Njombe hadi Dar ni zaidi ya kilomita 700, unaondoka alfajiri, unapita Makambako, Iringa, mlima Kitonga, Mikumi, unafika usiku. Kwenda Muheza kwangu ni siku mbili. Dada yangu mkubwa aliugua Machi 2022, nikaambiwa si jambo la haraka, nikasubiri mvua ipungue. Nilikuwa ndani ya basi, tumeshapita Mikumi, nilipopigiwa simu kwamba amefariki. Nilimkuta kwenye jeneza. Sijawahi kumlaumu mzee kwa hilo, na yeye hajawahi kuniuliza, lakini tangu hapo tumewekeana sharti, akiugua mtu wa upande wangu naondoka siku hiyo hiyo, nauli imetengwa kwenye bahasha kabatini na haiguswi kwa mbolea wala kwa ada ya mjukuu. Na kila Agosti nakwenda Muheza wiki tatu, awepo mgonjwa asiwepo. Mpe mkeo sharti kama hilo kabla hamjahama, si baada.

Umeuliza mwisho kama tunajuta. Jioni, kama saa kumi na mbili na nusu, mzee anawasha jiko uani. Analipepea kwa mfuniko wa ndoo huku amejifunika blanketi begani, mimi nakoroga chai ya maziwa na tangawizi kwenye sufuria ndogo. Tunakaa pale pale uani mpaka mkaa uwe mwekundu, tunazungumza habari za watoto, nani kapiga simu nani hajapiga. Dar hatukuwahi kukaa namna hiyo, tulikuwa tunapishana mlangoni, mimi naingia zamu ya usiku yeye anarudi na madaftari ya kusahihisha. Hapana, sijuti. Ila ningependa miezi minane ile ya mwanzo tungeipita kwa namna nyingine, na ndiyo sababu nimeandika marefu.

Mlete kwanza Julai, usimlete Desemba. Kaeni wiki mbili, apike, afue, alale. Akishaona, aamue naye. Na mkihama, mablanketi msihangaike kubeba, sokoni yapo mazito na mazuri. Mwambie asiiache mbuzi yake ya kukunia nazi. Yangu niliigawa Dar nikidhani huku sitakuna tena nazi, kumbe zinaletwa sokoni, nikakaa miaka miwili nikiazima.