Kabla hujanunua kabureta nyingine, tafuta hewa inakoingia

Juzi mdau mmoja wa Boma Ng'ombe kaniandikia. Hiace yake imetoka kubadilishwa gasketi ya silinda hedi, sasa silensa (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) inapanda na kushuka, akisimama kwenye foleni inazima, na fundi anamwambia anunue kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli. Nikacheka, kisha nikanyamaza. Kabureta ya mtumba ninayo stoo. Nilitoa laki moja na themanini, na haina kazi.

Hiace yangu ina injini ya 1RZ, ya petroli na kabureta, inaleta ndizi Arusha kutoka Moshi. Ilichemka kwenye mlima wa Kikafu, ikafunguliwa hedi gereji ya Unga Limited, Arusha, nikakabidhiwa siku ya nne. Kesho yake asubuhi haiwaki bila choki, na ikiwaka inatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Nikabadilisha plagi. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha kabureta. Fundi bila haya akasema, "Mzee, hii injini imechoka." Imechoka! Injini iliyopanda mlima na mikungu hadi kwenye paa miaka yote? Lile neno linaniuma mpaka leo.

Kilichonifungua macho ni choki. Kila nikiivuta kidogo, injini inatulia. Choki inabana hewa ili mafuta yazidi. Sasa kama ugonjwa unapoa mafuta yakizidi, maana yake kuna hewa ya wizi inaingia chini ya kabureta. Siku hiyo ndiyo niliacha kununua vitu.

Nikanyanyua siti ya mbele (Hiace unaikalia injini yenyewe), nikawasha, nikabana mipira ya vakyumu (inayopitisha mvuto wa hewa wa injini) mmoja mmoja kwa koleo. Mpira mnene wa sevo ya breki (kifaa cha kulainisha breki), hakuna mabadiliko. Mmoja mdogo nyuma ya kabureta ulikuwa umepasuka. Nikaweka mpya, silensa ikapanda vizuri, nikamwita mama watoto aje asikilize. Jumatatu ugonjwa ukarudi. Kumbe hewa ilikuwa na milango miwili.

Ndipo nikachukua vijiti vya udi vya mama watoto. Feni ilikuwa inapeperusha moshi, nikakinga kwa kadibodi, nikapitisha kijiti taratibu kwenye maungio ya manifoldi, bomba linalogawa hewa na mafuta kutoka kabureta kwenda kila silinda. Silinda ya kwanza, moshi unapanda juu. Ya pili, ya tatu, hivyo hivyo. Kwenye kona ya nne moshi ukapinda, ukanywewa ndani kama uzi. Nilipofungua nilikuta kipande cha gasketi ya zamani, ukubwa wa ukucha, kimegandia pale pale, gasketi mpya imelazwa juu yake na silikoni imepakwa kuficha aibu.

Ndugu zangu, gari ikitoka gereji na ugonjwa ambao haikuingia nao, anza pale spana ilipopita. Nimeshasema na nitarudia: pale spana ilipopita! Na tuache huu mchezo wa kunyunyizia petroli kwenye injini ya moto ili kutafuta hewa inakoingia. Maji kidogo kwenye chupa ya kupulizia yanatosha, mbali na ekzosi na waya za plagi. Silensa ikibadilika ghafla, umepata.

Nilipomaliza, fundi mwingine alikuja na geji ya vakyumu, ikasoma inchi 16 za zebaki, akatikisa kichwa kwa sababu kitabu chake kinataka 17 hadi 21. Nikamwambia Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, na kila mita 300 inakula karibu inchi moja ya zebaki. Sindano imetulia, haichezi. Hiyo ni injini nzima. Hakunijibu. Mimi niliyeambiwa injini imechoka!

Mdau wa Boma, vuta choki kwanza uone. Ukimaliza yote na bado unataka kabureta, ya kwangu ipo stoo. Laki na nusu, nakuletea mwenyewe nikipita na ndizi.