Maswali na Majibu: Shyamalan na Mtego Uliofyatuka Mapema

Tangu filamu ya Trap, kazi ya mwongozaji M. Night Shyamalan, ianze kuoneshwa Agosti 2024, barua nilizopokea kuihusu zimekuwa nyingi, na karibu zote zina manung'uniko. Nimezipenda kazi za mtu huyu kwa miaka mingi, kwa hiyo manung'uniko hayo ni yangu pia.

Swali: Nusu ya kwanza ya Trap ilinishika barabara, lakini nusu ya pili nilikuwa natazama saa. Kasoro iko wapi hasa? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Ambaye hajaitazama aruke jibu hili. Cooper, zimamoto wa Philadelphia anayeigizwa na Josh Hartnett, amempeleka binti yake Riley kwenye tamasha la muziki kwa sababu amefanya vizuri shuleni. Anaona askari wamejipanga kila mlangoni, na muuza fulana mmoja, kwa kumwamini, anamnong'oneza kwamba ukumbi mzima ni mtego wa kumnasa muuaji anayesakwa kwa muda mrefu. Tunamwona Cooper chooni akifungua simu yake na kumtazama kijana aliyemfungia katika chumba cha chini ya nyumba, kisha anarudi kwa binti yake akiwa na tabasamu lile lile la baba mwema. Hapo filamu imefika mahali pazuri sana. Jicho la muuaji ndilo jicho letu: tunaihesabu milango pamoja naye, na askari akigeuza shingo tunashtuka pamoja naye, ingawa tunajua kwamba anastahili kukamatwa.

Lakini mara tu wanapotoka ukumbini, filamu inamwacha Cooper na kumfuata mwimbaji wa tamasha hilo, Lady Raven, halafu inahamia kwa Rachel, mke wa Cooper, na kila anayepokea kijiti anaanza kutueleza mambo. Rachel anaketi na mumewe na kumsimulia kwa kirefu jinsi alivyoanza kumshuku na jinsi alivyoacha kipande cha stakabadhi ya tiketi ili polisi wakiokote. Fikiria kama tungeoneshwa mkono wa mke tu, ukikiacha kipande hicho na kusita kidogo kabla ya kukiachia. Badala yake tunapewa maelezo, na juu ya maelezo hayo Cooper anaponyoka tena na tena kwa bahati tu, mpaka mtu anaacha kuwa na wasiwasi naye. Wasiwasi ukishaondoka, filamu ya taharuki haina tena cha kumpa mtazamaji.

Swali: Kweli polisi wanaweza kutega ukumbi mzima namna ile? (Msomaji, Nairobi)

Jibu: Jambo linalofanana nalo lilitokea Washington mwezi Desemba 1985. Maafisa wa Marekani waliwaandikia barua watu waliokuwa wakikwepa sheria, wakijifanya kampuni ya televisheni, na kuwaambia kwamba wameshinda tiketi za bure za mchezo wa mpira wa miguu wa Kimarekani. Watu 101 walikamatwa bila risasi kufyatuliwa, na baadhi ya maafisa walikuwa wamevaa kama washangiliaji wa timu. Lakini ipo tofauti moja kubwa, nayo ndiyo inayoisumbua filamu. Wale wa 1985 walikuwa na majina na anwani, na kila mmoja alijileta mwenyewe mlangoni na kujitambulisha. Katika Trap, polisi hawamjui muuaji kwa jina wala kwa sura, hivyo wanalazimika kumchambua kila mwanamume ndani ya umati. Nusu ya kwanza inatusahaulisha ugumu huo kwa kasi yake. Mwendo ulipopungua ndipo nilipoanza kuuliza maswali.

Swali: Lady Raven ni binti wa mwongozaji. Je, huo si upendeleo? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Saleka Shyamalan, anayemwigiza Lady Raven, ni mwanamuziki wa kweli, na nyimbo za filamu alizitunga na kuziimba mwenyewe. Jukwaani anatosha kabisa. Baba yake alimkosea alipomtwika nusu ya pili, ambayo ingemlemea hata mwigizaji mwenye uzoefu mkubwa.

Swali: Mtu aliyetengeneza The Sixth Sense aliwezaje kutengeneza The Last Airbender? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: The Sixth Sense ilitoka 1999, kabla Shyamalan hajatimiza miaka 30. Iligharimu takriban dola milioni 40, ikaingiza zaidi ya milioni 670, na ikateuliwa kuwania tuzo sita za Oscar. Mwaka 2002 jarida la Newsweek likamweka kwenye jalada lake na kumwita Spielberg ajaye, yaani mrithi wa mwongozaji mashuhuri Steven Spielberg. Naamini sifa hiyo ilimwelemea, kwa maana kuanzia hapo watu walienda kutazama filamu zake wakisubiri kushtushwa dakika za mwisho, naye akaanza kuandika kwa ajili ya dakika hizo. The Village ya 2004 ina mandhari na muziki wa kupendeza sana, lakini siri yake haibebi uzito uliowekwa juu yake. Mwaka 2006, baada ya kuachana na Disney kwa sababu ya muswada wa Lady in the Water, alijipa mwenyewe katika filamu hiyo nafasi ya mwandishi ambaye kitabu chake kitabadilisha dunia. Baadaye zikaja The Last Airbender, ya dola milioni 150, na After Earth, ya milioni 130, na mambo yakaenda mrama. Ustadi wake ni wa chumba kimoja, watu wawili na kimya kati yao, na katika filamu hizo kimya hakikupata nafasi.

Kisha akaweka nyumba yake rehani na kutengeneza The Visit ya 2015 kwa dola milioni tano tu, ikafuata Split ya 2017 kwa milioni tisa, na zote zikafanikiwa. Wengi husema kwamba fedha kidogo ndizo zilizomponya. Nakubali nusu tu, kwa kuwa Trap nayo haikuwa ya gharama kubwa, ila uchache huo wa fedha haukumsaidia kusimama pale alipopaswa kusimama.

Swali: Nimeshasimuliwa siri ya The Sixth Sense. Bado inafaa kuitazama? (Msomaji, Bujumbura)

Jibu: Inafaa, tena sana. Tazama sehemu ya mgahawani. Mume amechelewa kwenye chakula cha kuadhimisha ndoa yao. Anakaa bila kukisogeza kiti, anaomba radhi, anaeleza habari za kazini. Mke hamtazami. Bili inaletwa, mume ananyoosha mkono, mke anaiwahi. Asiyejua siri anaona ndoa iliyopoa, na anayeijua anaona msiba, wakati picha ni ile ile na hakuna neno lililobadilishwa. Ndiyo maana filamu hiyo haiharibiki kwa kutobolewa siri.

Swali: Mimi sijawahi kuona kazi yake yoyote. Nianze na ipi? (Msomaji, Zanzibar)

Jibu: Anza na Signs ya 2002. Subiri mpaka mwigizaji Joaquin Phoenix ajifungie ndani na televisheni, akitazama mkanda wa sherehe ya watoto huko Brazil. Watoto wanapiga kelele dirishani, naye anawapungia mkono wasogee, kana kwamba wanaweza kumwona. Kisha kitu kinapita.