Twiga wa Sebuleni

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani. Unasema Jumamosi utakuwa Berlin peke yako ukingoja ndege ya Jumapili, na unauliza kama bustani ya wanyama inafaa kwa siku moja ya Januari, au kwenye baridi ile wanyama wote hufichwa ndani, mtu akabaki kuzunguka mazizi matupu.

Nianze na lililo jepesi. Hawafichwi wote. Simba hajali sana, manyoya yake huzidi kuwa mazito majira hayo. Mbwa mwitu na nyati wa Ulaya ndio kwanza wanachangamka. Kiboko yuko ndani kwenye maji yaliyopashwa moto. Flamingo huingizwa ndani bwawa linapoanza kuganda, maana barafu inaweza kuwashika miguu. Tembo hutolewa kidogo kidogo, kwa sababu masikio yake ni mapana, ngozi nyembamba, na baridi kali huyababua. Twiga ndiye wa kuogopewa zaidi. Pakiwa na barafu chini hatoki, kwani akiteleza miguu humpanuka kila mmoja upande wake, na akishaanguka hivyo anaweza asiinuke tena.

Hayo ndiyo uliyouliza. Ningeishia hapo, lakini unanijua.

Ambalo hukuuliza, na mimi naona ndilo linalokusumbua, ni kama si kichekesho mtu mzima kwenda kutazama wanyama peke yake, bila mtoto wa kumshika mkono. Hilo nalijua vizuri. Nilikwenda Januari 2003, kwenye ile safari ya mafunzo ambayo baba yenu aliiridhia siku ya mwisho, mabegi yakiwa mlangoni. Nyinyi mnachokijua ni ile picha ya sebuleni: mama yenu ndani ya koti la kahawia la shangazi yenu, na nyuma yake miguu minne na tumbo la twiga, kichwa hakuna. Wageni wakiuliza huwa mnasema twiga alikuwa anakula juu. Niliwaambia hivyo mimi. Sikuwaambia yaliyobaki.

Usiku wa kuamkia siku ile, mezani, kila mmoja alitaja atakakokwenda siku yetu ya mapumziko. Wengi walikuwa wanakwenda madukani. Nikasema mimi nakwenda kuona wanyama. Mwenzetu mmoja, tena wa Afrika kama mimi, akaweka uma chini: "Umetoka Afrika kuja kulipa kiingilio umwone twiga Ulaya?" Meza nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka, tena kuwashinda wote.

Nilicheka kwa sababu nilikuwa na miaka arobaini na minne na sijawahi kumwona twiga. Haya, nimelisema. Wala simba, wala kifaru. Tembo nilimwona mara moja kwa mbali, kama jiwe linalotembea. Mbuga zilikuwa za watu wenye magari na wageni wenye kamera, nasi tulikuwa tunapita kando ya barabara na shughuli zetu. Twiga nilimjua kwa picha. Na wewe, uliyekuwa na miaka sita, ulipoagiza nikamwangalie twiga wa Ulaya kama kavaa koti, nilikujibu kwa sauti ya mtu aliyekula na twiga sahani moja: "Twiga havai koti, mwanangu." Nilijuaje?

Mnajua ninavyosema siku zote, na mdogo wako huniigiza nikilisema: ambacho macho yako hayajakiona hukijui, umesimuliwa tu. Nililisema sana kwa sababu lilikuwa linaniuma mimi.

Basi asubuhi nikapanda treni hadi kituo ambacho hata jina lake ni Zoo. Ukitoka tu, Lango la Simba liko mbele yako. Sikuingia pale. Nilizunguka hadi Lango la Tembo, upande wa Budapester Straße, kwa sababu nilitaka kuchelewa kidogo, nijiulize mara ya mwisho kama nina akili. Kuna tembo wawili wa mawe wamelala, wamebeba nguzo za lango migongoni, na siku ile walikuwa na theluji mabegani. Yuro ilikuwa na mwaka mmoja tu mikononi mwa watu, nami nikawa nazigeuza sarafu kama mtoto. Mama wa tiketi akanyoosha kidole kimoja: mmoja? Nikanyoosha changu. Mpaka leo sijui kwa nini koo lilinikaba.

Baridi ilikuwa digrii saba chini ya sifuri. Sikiliza nikwambie kuhusu baridi, hili si hadithi: haianzii kichwani wala kifuani, inapanda kutoka kwenye nyayo. Mimi nilivaa kofia mbili na viatu vya kwenda kazini. Ukitembea huisikii. Ukisimama dakika tano mbele ya zizi, zege linakunyonya. Vaa buti zenye soli nene, usizibane kwa soksi tatu maana vidole vikikosa nafasi vinaganda upesi zaidi, na uende ukiingia nyumba moja na kutoka. Simu iweke kifuani, ndani ya nguo. Betri kwenye baridi hukata kama mshumaa kwenye upepo. Tena nenda Zoo yenyewe. Ile bustani nyingine ya upande uliokuwa wa mashariki, Tierpark, ni hekta 160, na kati ya nyumba na nyumba utakuwa umeshajuta.

Nikiwa natafuta pa kujisitiri nikaliona jengo lenye minara myembamba, matofali ya rangi mbili na madirisha ya matao. Nikajiambia, alhamdulillahi, hawa watu wamejenga msikiti hadi kwenye bustani ya wanyama. Nikaenda mbio. Mlangoni nikainama, mwanangu, natafuta pa kuvulia viatu. Ndipo harufu ikanifikia.

Ilikuwa nyumba ya swala na twiga. Waliijenga mwaka 1872 kwa mtindo wa majengo ya mashariki, kwa kuwa siku zile waliona mnyama wa mbali anastahili nyumba inayofanana na nchi za mbali, na mashariki na Afrika kwao vilikuwa kapu moja. Siku hiyo sikuyajua hayo. Nilisimama na kiatu kimoja mkononi, nikainua macho, twiga ananitazama.

Sitakueleza urefu, urefu kila mtu ameshausikia. Kilichonishangaza ni mwendo. Anapotembea, miguu ya upande mmoja huenda karibu pamoja, wa mbele na wa nyuma, kisha ya upande mwingine, kama jahazi linayumba. Hakuna aliyenisimulia hilo, katika miaka yote ile ya picha! Picha haitembei. Na ulimi ni mweusi wenye zambarau, mrefu, unashika majani kama mkono. Na kope zake. Na kimya chake. Mnyama mkubwa vile, nikajua hatanifokea wala kunicheka. Nikavaa kiatu changu nikakaa pale muda ambao sikuuhesabu. Ambacho macho yako hayajakiona hukijui.

Humo ndani tulikuwa mimi na mzee mmoja tu. Nikampa kamera kwa ishara. Akaniuliza kwa Kiingereza cha shida natoka wapi, nilipomjibu akafurahi sana, akamnyooshea twiga mkono kisha mimi, kama anayekutanisha ndugu waliopoteana. Nami sikuwa na maneno ya kumwambia kwamba ndiyo kwanza tunajuana. Akapiga picha kwa uangalifu wote wa dunia, akakata kichwa. Filamu hujui kilichotoka mpaka uioshe, na niliiosha nikiwa nimeshafika nyumbani.

Kutoka hapo niliingia nyumba ya viboko. Miwani ikaziba ukungu papo hapo, nikasimama mlangoni kama kipofu, nasikia watoto wakicheka na maji yakivuma. Ilipofunguka nikawaona viboko kwa chini ya maji, kupitia kioo. Ile nyumba ilifunguliwa mwaka 1997. Yule mzito kama lori akiwa majini hukimbia kwa ncha za vidole. Alikuwepo Bulette, bibi kizee aliyezaliwa mwaka 1952. Baba yake, Knautschke, alikuwa mmoja wa wanyama 91 tu waliobaki hai Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipokwisha, katika bustani iliyokuwa na maelfu. Ana sanamu yake pale, utaiona. Kule ndani nilikaa mpaka vidole vikarudi kuwa vyangu.

Sasa nijibishane mwenyewe, maana najua utasema. Twiga yule huenda alizaliwa huko huko Ulaya na mti wa mgunga hajawahi kuugusa. Basi nilimwona twiga, au nilimwona mkaazi wa Berlin mwenye shingo ndefu? Miaka mingi nimekuwa nikijitetea kwamba kuona ni kuona. Halafu nikasoma habari za Fatou.

Fatou ni sokwe mkubwa, gorila, na siku ile nilipita mbele yake bila kumjua jina. Alifikishwa Berlin mwaka 1959, mwaka niliozaliwa mimi. Inasimuliwa kuwa baharia alimtoa Afrika Magharibi akamwacha kwenye baa moja huko Marseille, Ufaransa, kulipia deni lake la vinywaji. Alikuwa na umri wa miaka miwili hivi kwa makadirio. Mwaka 2024, tarehe 13 Aprili, walimfanyia sherehe ya miaka 67, gorila mzee kuliko wote wanaojulikana. Anatunzwa, anapikiwa mboga, na kwa kuwa hapendi tena vurugu za wenziwe, ana sehemu yake mwenyewe anayokaa peke yake.

Sikulala vizuri siku niliyoyasoma. Mtoto wa mwenyewe, kulipia pombe! Nikasema mahali pale pangefungwa. Kesho yake nikasema, na angeishi miaka mingapi msituni, huyo ambaye leo ana watu wa kumpikia? Kesho kutwa nikarudi kwenye lile la kwanza. Na hapo ndipo nilipo.

Wewe na mdogo wako mnaniambia nihamie kwenu, kuna chumba kina jua, sitapika, sitachota. Najua mnasema kwa mapenzi. Nimelifikiria kuliko mnavyodhani, na nitawajibu, ila si katika barua hii.

Kwa hiyo, uende au usiende? Sitaki kukuamulia, una miaka ishirini na minane. Nasema tu kwamba hufungua saa tatu asubuhi na majira haya hufunga saa kumi na nusu, na kufikia hapo jua limeshazama au linakaribia kuzama, kwa hiyo usianze siku kwa kulala. Na kwamba asubuhi ya baridi kali watu ni wachache, huna wa kukusukuma mbele ya kioo, huna wa kukuambia twende, na unaweza kukaa mbele ya mnyama mmoja saa nzima pasipo mtu kukuhesabia. Lakini sikwambii uende. Kama moyo unakuambia si halali kuwatazama viumbe waliofungwa, ufuate moyo, hutakosea. Ingawa ukifuata moyo utabaki umesimuliwa. Haya, nanyamaza.

Ukienda, usivue viatu kwenye nyumba ya minara. Na ukimpata mtu wa kukupiga picha na twiga, mwambie arudi nyuma hatua tano, kisha nyingine tano. Sebuleni kuna nafasi pembeni ya ile yangu, msumari nimeshaupigilia.

Mama