Paa la daraja la mbao si kwa ajili ya theluji

Mkuu, wapo wanaodhani madaraja ya mbao yenye paa na kuta ya Vermont, Marekani, yaliezekwa kuzuia theluji. Hapana. Paa na kuta zinalinda fremu za mbao za ubavuni, maana ndizo zinazobeba uzito wote. Maji ya mvua yakiingia kwenye maungio hayakauki upesi; mbao inaoza kwa ndani na nje bado inaonekana nzima. Daraja lililofunikwa likitunzwa linapita miaka 100: daraja la Hyde Hall, jimbo la New York, lipo tangu 1825. Theluji ndiyo kwanza walikuwa wanaichota na kuitandaza ndani wakati wa baridi, ili magari ya farasi ya kuteleza yapite!

Ukienda kuyaona na gari la kukodi, soma kibao cha kimo na uzito kabla hujaingia. Njia mara nyingi ni moja, kwa hiyo washa taa na umsubiri aliyetangulia. Magari yenye boksi refu kwenda juu ndiyo yanayovunja mbao za mlango wa daraja.

Kwa vidaraja vya magogo huku Moshi vijijini, kagua ncha za magogo zinapolalia udongo. Choma kwa kisu. Kikizama kirahisi, usipitishe gari.