Nairobi hadi New York: mbona tiketi inaonyesha masaa saba?

Swali: Habari mtaalamu. Mamangu anasafiri Januari kutoka JKIA hadi JFK, ndege moja bila kuunganisha. Tiketi inasema anaondoka 11:25 usiku na kufika 6:25 asubuhi, si hayo ni masaa saba tu? Nikitafuta kwa Google naona kilomita 11,800 na kitu, nikigawanya na spidi ya 900 napata masaa 13. Mwingine ananiambia ni 15. Nishike gani, manake ana dawa za kumeza kila masaa nane.

Jibu: Msalimie mama sana. Shika 15, na dawa zipange na hiyo hiyo.

Tiketi huandika saa ya pale ndege ilipo. Januari New York iko nyuma yetu masaa 8, kwa hivo mama akitua huko saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi, wewe hapa Nairobi ni saa nane na dakika 25 mchana. Hesabu kutoka saa tano na dakika 25 usiku, ni 15 kamili. (Kuanzia Machi wakisogeza saa zao, tofauti inakuwa 7.)

Sasa hizo 13 zako, hesabu yenyewe iko sawa ila hiyo kilomita 11,840 hivi ni ya kamba iliyovutwa juu ya tufe, na hiyo kamba haiendi Kongo halafu baharini vile ramani ya ukutani inakudanganya, inapanda Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria, na katikati kabisa ya safari unakuta uko karibu na Marrakech. Ndege yenyewe haiwezi kufuata hiyo kamba neno kwa neno, kuna anga za kukwepa na njia za kupangiwa, kwa hivo kilomita zinaongezeka. Halafu ratiba inahesabu tangu ndege isukumwe kutoka getini mpaka isimame geti la huko, na JFK kutambaa tu chini kunaweza kula muda.

Lakini mkubwa wao wote ni upepo. Huko juu Atlantiki ya kaskazini upepo huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na msimu wa baridi huwa mkali zaidi. Ndege ikikata hewa kwa 900 na upepo unaipiga usoni kwa 50, ardhini inasonga 850 tu, hapo tayari ni karibu lisaa limeongezeka. Akirudi upepo huohuo unamsukuma, ndio maana kurudi huandikwa masaa 14 hivi.

Na kuondoka usiku kunasaidia pia. JKIA iko mita 1,600 na zaidi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi, injini na mabawa yanapoteza nguvu. Ndege iliyojaa mafuta ya masaa 15 inahitaji hewa baridi ya usiku, la sivyo inabidi mzigo upunguzwe.

Turudi kwa dawa. Ameze saa tatu usiku kabla ya kupanda, ya pili saa kumi na moja alfajiri, hapo pengine yuko juu ya jangwa la Algeria, ya tatu saa saba mchana kabla hajatua. Zote ni saa za Nairobi, kwa hivo asibadilishe saa yake ya mkononi mpaka ashuke, na simu ikijibadilisha yenyewe asiifuate. Ratiba ya baada ya kutua muulize daktari wake kabla ya safari. Dawa zikae kwa mkoba anaoingia nao ndani, kwa paketi zake zenye jina lake, si kwa sanduku la chini.